Fulana ya Elektrodi Inaweza Kusubiri, Karatasi ya ECG Haiwezi

Swali moja limekuwa likirudi katika kliniki za moyo na katika vikao vya madaktari: je, ni kweli kwamba sasa inawezekana kuchora ramani ya umeme wa moyo bila kuingiza chochote mwilini? Mgonjwa huuliza kwa sababu ameona video kwenye simu. Daktari kijana huuliza kwa sababu amesoma makala. Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike, kwa kuwa ndani ya ndiyo hiyo yamo mambo yanayoweza kumpoteza mgonjwa, na yamo mengine ambayo tungeweza kuyafanya kesho asubuhi bila kununua mashine yoyote, nasi hatuyafanyi.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotafutwa. Moyo hupiga kwa amri ya umeme. Kila pigo huanzia katika kifundo kidogo kilichoko sehemu ya juu ya atiria ya kulia; umeme husambaa katika atiria zote mbili, hupita katika njia moja nyembamba iliyo katikati, kisha hushuka kwenye ventrikali ambazo husukuma damu. Mdundo unapoharibika, aghalabu mojawapo ya mambo mawili limetokea: ama sehemu nyingine ya msuli imejitwalia madaraka ya kuanzisha mapigo, ama umeme umepata njia ya kuzunguka na kujirudia wenyewe bila kikomo. Tiba iitwayo ablesheni hulenga mahali hapo. Daktari hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba wenye ncha ya chuma, kutoka kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, akatafuta penye hitilafu na kupaunguza kwa joto au kupagandisha kwa baridi. Kuunguza kwenyewe huchukua sekunde. Kutafuta ndiko kunakoweza kuchukua saa kadhaa, maana ncha ya katheta hupima sehemu moja baada ya nyingine, na iwapo mdundo mbaya utakoma katikati ya kazi, au presha ya mgonjwa itaporomoka wakati mdundo huo ukiendelea, utafutaji hukwama.

Ramani isiyoingia mwilini inakusudia kupunguza adha hiyo. Mgonjwa huvishwa fulana yenye elektrodi zipatazo 250 zinazozunguka kifua na mgongo. Hupigwa picha ya CT akiwa ameivaa, ili kompyuta ijue umbo la moyo wake na umbali wa kila elektrodi kutoka moyoni. Kisha umeme unaofika kwenye ngozi hurekodiwa kwa pigo moja tu, na hesabu hufanywa kinyumenyume: kutoka kilichofika kwenye ngozi kurudi kwenye kilichotokea juu ya uso wa moyo.

Hapo kwenye hesabu ya kurudi nyuma ndipo penye uzuri na udhaifu wa jambo zima. Mfikirie mtu aliyesimama nje ya nyumba yenye vyumba vingi usiku, ngoma ikipigwa ndani. Akizunguka nyumba yote na kusikiliza kila ukuta anaweza kukisia ngoma iko chumba gani. Lakini kuta si sawa: nyingine ni nene, nyingine zina dirisha, na sauti hugonga na kurudi. Ngoma mbili zikipigwa kwa pamoja katika vyumba viwili jirani, msikilizaji aweza kuapa kwamba ni moja. Mapafu yaliyojaa hewa, mafuta, mifupa na damu yenyewe ndizo kuta za nyumba hii. Wanahisabati huliita tatizo la namna hiyo tatizo kinyume, na tabia yake mbaya ni kwamba kosa dogo katika kipimo huweza kuzaa kosa kubwa katika jibu. Ili kuzuia hilo, kompyuta hulazimishwa kuchagua jibu lililo laini, lisilo na mikunjo mikali. Ulaini huo una gharama, kwa kuwa mipaka ya kovu na njia nyembamba za umeme, ambazo ndizo hasa daktari anazozitafuta, hufifia.

Fikra yenyewe si ngeni. Augustus Waller alirekodi umeme wa moyo wa mwanadamu kutoka juu ya ngozi huko London mwaka 1887. Willem Einthoven wa Leiden akakifanya kipimo hicho kuwa chombo cha tiba na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Katika miaka ya 1960 Bruno Taccardi, Mwitalia, alionyesha kwamba ukipima umeme katika sehemu nyingi za kifua badala ya chache unapata habari ambazo ECG ya kawaida haizitoi. Mwaka 2004 kundi la Yoram Rudy, lililokuwa Cleveland nchini Marekani, lilichapisha ramani za moyo wa binadamu zilizopatikana kwa njia hii, ECG na CT zikiwa zimeunganishwa. Tangu hapo imepita miaka zaidi ya 20, muda wa kutosha kuuliza bila aibu: imetufikisha wapi?

Imefika mbali zaidi pale ambapo wengi hawakutazamia. Mwaka 2017 Phillip Cuculich, Clifford Robinson na wenzao wa St. Louis walitoa taarifa ya wagonjwa watano wenye takikadia ya ventrikali, mdundo wa hatari unaotokana na kovu la msuli wa moyo, ambao dawa na katheta zilishindwa kuwasaidia au hawakuweza kufanyiwa ablesheni. Wagonjwa hao walikuwa tayari wamepandikizwa kifuani kifaa kinachoushtua moyo. Kifaa hichohicho kilitumiwa kuuchokoza mdundo mbaya huku wamevaa fulana, ramani ikachorwa, ikalinganishwa na picha za kovu, na mahali palipoafikiana pakapigwa mionzi ya grei 25 kwa mara moja, kwa mashine ya aina ile inayotibu saratani. Tiba ilichukua wastani wa dakika 14. Hakuna sindano wala dawa ya usingizi. Katika miezi mitatu kabla ya tiba wagonjwa hao kwa pamoja walikuwa wamepata matukio 6,577 ya mdundo huo. Baada ya wiki sita za mwanzo kupita, katika ufuatiliaji uliobaki yalirekodiwa manne.

Nambari hizo zinavutia, na ndizo zinazosambaa. Kinachosambaa kwa uchache ni kwamba mgonjwa mmoja kati ya watano alifariki kwa kiharusi wiki tatu baada ya tiba, na kwamba wote walikuwa watu waliofikia mwisho wa njia. Utafiti uliofuata wa kundi hilo, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuwa na wagonjwa 19, nao ulionyesha matokeo mazuri katika wengi wao. Hata hivyo mionzi iliyopita kwenye moyo na pafu la jirani huacha madhara yanayoweza kujitokeza baada ya miaka. Mimi naiona tiba hii kuwa mojawapo ya mambo ya kuvutia zaidi katika fani yetu kwa kizazi hiki. Siioni kuwa sababu ya mgonjwa mwenye mapigo ya ziada yasiyo na hatari kutaka apigwe mionzi ili akwepe katheta.

Upande wa pili wa mizani uliwekwa na watu ambao hakuna awezaye kuwaita maadui wa fulana. Bordeaux, Ufaransa, ndiko Michel Haïssaguerre alikoonyesha mwaka 1998 kwamba fibrilesheni ya atiria mara nyingi huchochewa na cheche zitokazo kwenye mishipa ileta damu kutoka mapafuni, na ndiko fulana ilikotumiwa kwa wagonjwa 103 wa fibrilesheni sugu katika utafiti wa mwaka 2014. Kutoka hospitali hiyohiyo, mwaka 2019, ulitoka utafiti uliolinganisha ramani ya fulana na ramani iliyopimwa kwa kugusa uso wa moyo wenyewe, kwa wagonjwa 59. Mlingano kwa jumla ulikuwa hafifu. Ulikuwa afadhali pale ambapo umeme ulipita polepole na kuchora mawimbi mapana katika ECG. Pale ambapo umeme ulipita kwa njia yake ya kawaida, ramani mbili za moyo mmoja mara nyingi hazikufanana. Nawaheshimu kwa kuuchapisha. Ingekuwa rahisi kunyamaza.

Kwa hiyo ukiniuliza fulana inafaa lini, nitasema: inafaa pale ambapo kuna pigo moja lenye asili moja, hasa katika ventrikali, na daktari anataka kujua kabla ya kuanza kama aingie upande wa kulia au wa kushoto, inafaa pale ambapo mdundo unatokea mara chache mno kiasi kwamba katheta haitapata nafasi ya kuupima sehemu baada ya sehemu. Katika fibrilesheni ya atiria sugu, ambako ngoma zinapigwa katika kila chumba, bado sishawishiki. Utafiti mwingine mkubwa wa mwaka 2015, ambao haukuhusu fulana, uliwagawa wagonjwa 589 wa fibrilesheni sugu na kukuta kwamba kuunguza sehemu za ziada juu ya kuitenga mishipa ya mapafu hakukuleta nafuu zaidi. Ramani inayotushawishi kuunguza zaidi inapaswa kwanza ijibu hoja hiyo.

Sasa nije kwetu, maana jarida hili husomwa na watu wenye wagonjwa mbele yao. Fibrilesheni ya atiria tunayokutana nayo mara nyingi si ile ya mzee wa Ulaya mwenye presha na unene. Ni ya mama wa miaka 30 ambaye vali yake ya mitrali ilikazwa na homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni. Katika utafiti wa REMEDY, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 3,300 wa vali za aina hii, wengi wao kutoka nchi za Afrika, takriban mmoja kati ya watano alikuwa na fibrilesheni. Atiria ya mgonjwa huyo imetanuka kwa sababu mlango wa kutolea damu ni mwembamba. Umchoree ramani nzuri kiasi gani, hutaufungua mlango huo. Anachohitaji ni vali kushughulikiwa, penisilini ya kila mwezi, na dawa ya kuzuia damu kuganda ili asipate kiharusi. Na dawa yenyewe, kwa mgonjwa wa namna hii, ni warfarini pamoja na kipimo cha INR. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliokuwa na wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulitarajiwa na wengi kuonyesha kwamba dawa mpya isiyohitaji INR ingetosha. Waliopewa dawa za zamani kama warfarini ndio waliofariki kwa uchache. Yeyote aliye na vali ya rumatiki na ambaye amesikia habari za ramani na ablesheni akaanza kuruka dozi zake za warfarini akisubiri tiba mpya, naomba aziendeleze leo.

Je, nasema basi teknolojia hii haituhusu? La. Kuna wenzangu wanaosema kila jipya linapotokea kwamba sisi tushughulike na malaria kwanza, na kauli hiyo imetuchelewesha katika mambo mengi. Kuna wengine wanaotaka tununue fulana hata kesho, ili na sisi tuwemo. Nakataa kauli zote mbili, na hii ya pili naikataa kwa sababu ya kitu kimoja kinachonikera kila wiki: tayari tunayo ramani ya moyo isiyoingia mwilini. Ina elektrodi 10, inatoa michoro 12, na tunaitumia vibaya.

ECG ya kawaida, ikisomwa na jicho lililofunzwa, husema mengi kuhusu mahali. Mapigo ya ziada yenye umbo fulani katika V1 na yanayoelekea juu katika michoro ya II, III na aVF humwambia daktari kwamba chanzo kiko katika njia ya kutolea damu ya ventrikali, karibu na mwanzo wa mishipa mikubwa. Kwa mtu mwenye hali iliyoelezwa mwaka 1930 na Wolff, Parkinson na White, yaani aliyezaliwa na njia ya ziada ya umeme kati ya atiria na ventrikali, mwelekeo wa wimbi dogo la mwanzo, liitwalo delta, huonyesha njia hiyo iko kulia au kushoto, mbele au nyuma. Huyu ni mgonjwa ambaye ablesheni inaweza kumponya moja kwa moja, mara nyingi akiwa kijana mwenye moyo mzima. Hahitaji elektrodi 250.

Anahitaji mtu aione delta. Hapa kosa si la fahari ya kitaaluma tu. Mwenye njia ya ziada akipatwa na fibrilesheni ya atiria, mapigo yake huwa ya kasi sana, hayana mpangilio, na michoro yake ni mipana. Akipewa verapamili au digoksini kwa dhana kwamba ni fibrilesheni ya kawaida, umeme waweza kupita kwa wingi kwenye njia ile ya ziada na ventrikali zikaingia katika mtetemo unaoua. Iwapo presha yake imeshuka, anahitaji kushtuliwa kwa umeme mara moja. Kasi, kutokuwa na mpangilio, upana: mhudumu wa zamu ya usiku akiyaona matatu hayo kwenye karatasi moja, aiweke verapamili chini na ampigie simu mkubwa wake.

Lakini karatasi ni lazima iwepo, na iwe ya kuaminika. Elektrodi V1 na V2 hukaa katika nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kidari. Kila anayefanya kazi hii amewahi kuziona zikibandikwa juu mno, karibu na nafasi ya pili, kwa sababu hapo hufikika bila kumvua mgonjwa nguo. Mchoro utokao hapo unaweza kuonyesha kovu la shambulio la moyo ambalo halijawahi kutokea, au hitilafu ya kurithi ambayo mgonjwa hana. Tatizo hili kwa akina mama ni kubwa zaidi, na sababu yake mara nyingi ni kwamba chumba hakina pazia. Nimekwisha kusema katika vikao, na wengine wakacheka, kwamba ununuzi wa kwanza wa kitengo cha umeme wa moyo uwe mapazia.

Baada ya mahali, wakati. Mgonjwa anakuja na mapigo ya 190 kwa dakika, anahangaika, wahudumu wanahangaika naye. Anapewa dawa, anapoa, ndipo mtu anakumbuka ECG. Inatoka safi. Anaandikiwa "wasiwasi". ECG iliyorekodiwa wakati wa shambulio, hata kama ni ya dakika moja kabla ya dawa, ina thamani kuliko nyingine kumi za wakati wa utulivu. Hutokea familia ikachanga, ikauza mali, mgonjwa akasafirishwa nje ya nchi kwa ajili ya ablesheni bila karatasi hata moja ya shambulio. Huko mdundo unagoma kuchokozeka, daktari hana cha kulenga, mgonjwa anarudi kama alivyokwenda. Hakuna aliyefanya uzembe mkubwa. Ni karatasi tu haikuwepo, au ilikuwepo ikafifia, maana karatasi nyingi za ECG huchapwa kwa joto na wino wake hupotea zikikaa juani au kwenye mfuko wa plastiki.

Ipigwe picha kwa simu siku hiyohiyo, yote, pamoja na jina, tarehe, saa, kasi ya karatasi na neno moja la hali: "anapiga mbio" au "ametulia". Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Picha hufika kwa sekunde chache. Jina lifichwe inapotumwa kwenye kundi la ushauri.

Na hapa ndipo mambo ya mbali na ya karibu yanapokutana. Si kila mtafiti anaongeza elektrodi. Huko Valencia, Hispania, wamekuwa wakijaribu kuchora ramani bila kutegemea picha ya CT. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu matumizi ya programu inayokisia chanzo cha mdundo kutokana na ECG ya michoro 12 peke yake, kwa kuilinganisha na mioyo mingi iliyoigwa ndani ya kompyuta. Vyuo vilivyo katika ushirikiano wa kimataifa wa fani hii vimeweka data zao wazi katika hifadhi iliyoko Utah, na mwanafunzi wetu wa hisabati au uhandisi anaweza kuzifungua leo. Dau langu liko huko. Programu za aina hii zikishuka bei, kilichobaki kitakuwa ubora wa mchoro unaoingizwa ndani yake, na nchi iliyojenga mazoea ya kurekodi wakati wa shambulio, kubandika mahali sahihi na kuhifadhi, itanufaika kabla ya ile iliyonunua fulana ikaiweka kabatini kwa kukosa mtu wa kuitumia. Ningependa chuo kama hiki kitenge fedha za wahandisi wawili na wauguzi wanne wa ECG kabla ya kutenga za fulana moja.

Kwako mgonjwa, haki yako ni kuomba nakala ya ECG yako kila inapopigwa; ihifadhi kama unavyohifadhi kadi ya chanjo ya mtoto. Moyo ukianza kwenda mbio, tazama saa, nenda kituo cha karibu chenye ECG, na useme mlangoni kabisa kwamba mapigo yanakwenda mbio sasa hivi. Ukizimia, ukiumwa kifua au ukikosa pumzi, usisubiri kuona kama yatatulia. Kama mashambulio huja na kuondoka kabla hujafika popote, mwombe daktari kipimo cha Holter, kile kifaa kidogo unachokivaa nyumbani kwa saa 24 au zaidi, na uandike kwenye daftari saa ulipohisi mapigo yamebadilika, ili msomaji wa mchoro ajue pa kutazama.